Swali la Msomaji: Wikendi za Mwanafunzi Granada

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninakwenda Granada, Hispania, kujifunza Kihispania. Je, safari za wikendi zitaniharibia masomo? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Safari hizo ni sehemu ya masomo, ilimradi usizifanye na Watanzania wenzako mkizungumza Kiswahili njia nzima. Anza na Alhambra, ngome na kasri ya kale iliyo hapo hapo mjini, ukate tiketi mapema na ubebe pasipoti. Kisha panda basi uende Córdoba, ukaone msikiti mkuu ulioanza kujengwa katika karne ya 8 na ambao sasa ni kanisa kuu. Sokoni, ukimwomba muuzaji “aceitunas”, utaisikia zeituni yetu, kama vile sukari inavyosikika katika “azúcar”, kwa kuwa maneno hayo yametoka katika Kiarabu. Muulize bei kwa Kihispania, hata ukikosea. Jumapili jioni uwe umerudi.