Jibu: Sabinyo au Muhabura kwa siku moja, na je, raba zinatosha?

Dada, kati ya milima hii miwili ya volkano, kama una siku moja tu Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, nenda Sabinyo. Muhabura ndiyo ndefu zaidi (mita 4,127) na ina kiziwa cha kreta kileleni, ila ni mpando mtupu tangu chini, magoti yatalia.

Raba hazitoshi. Tope la kule huteleza kama sabuni. Vaa buti zinazoshika kifundo. Na glavu, hata zile za shambani, maana Sabinyo ina ngazi za miti zenye unyevu na vibanzi. Kupanda si kazi, kazi ni kushuka: geuza uso kwenye ngazi, usisogeze mguu kabla mikono yote miwili haijashika. Wengi huteleza hapo, miguu imeshachoka.

Vilele vya Sabinyo ni vitatu. Cha tatu ndicho mpaka wa Uganda, Rwanda na Kongo. Ukungu ukifunika ukiwa cha pili, ishia hapo, hutaona kitu.

Beba maji lita 3, chapati na koti la mvua. Boda wa kukupeleka lango la Ntebeko, la kuingilia hifadhi ya Mgahinga, mpatane jioni. Alfajiri utamsubiri sana.