Jibu la swali lako juu ya Henry Dunster

Mwanangu Neema,

Barua yako imenifikia. Umeniuliza kwa nini Henry Dunster, rais wa kwanza wa Chuo cha Harvard, aliacha kazi kwa ajili ya ubatizo wa mtoto mmoja, ilhali angeweza kunyamaza akabaki na cheo chake.

Kwanza ujue alikikuta chuo katika hali gani. Mwalimu aliyemtangulia, Nathaniel Eaton, alifukuzwa mwaka 1639 kwa kumpiga msaidizi wake kwa rungu, na mkewe alikiri kwamba wanafunzi walilishwa vibaya, masomo yakasimama. Dunster aliwasili Massachusetts kutoka Uingereza mwaka 1640, akiwa na miaka 30, na kabla hajaizoea nchi akakabidhiwa chuo hicho. Alifundisha karibu kila somo yeye mwenyewe, akasimamia ujenzi, akapokea karo kwa ngano na mifugo kwa kuwa fedha taslimu zilikuwa haba, na mwaka 1642 akawatoa wahitimu tisa wa kwanza. Hati ya mwaka 1650 aliyoipigania, iliyoweka uongozi mikononi mwa rais, mhazini na wajumbe watano, ingali msingi wa chuo hicho hadi leo. Mimi niliyekaa katika kamati za shule, ambako hata daftari la mahudhurio halimalizi muhula, hilo hunishangaza kuliko yote.

Sasa tuje kwenye ubatizo. Dunster alikuwa ameamini kwamba Maandiko hayaruhusu kumbatiza asiyeweza kuikiri imani kwa kinywa chake, na mwaka 1653 hakumpeleka mwanawe mchanga kanisani. Katika koloni lile la Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali, kanisa na serikali vilishikamana, na miaka miwili tu nyuma Obadiah Holmes, aliyekuwa na imani kama hiyo, alichapwa viboko hadharani mjini Boston.

Njia unayoisema ilikuwepo. Charles Chauncy, aliyemrithi, naye alikuwa na msimamo wake juu ya ubatizo, akakubali kutousema, akapewa kazi. Lakini Chauncy alitakiwa afunge mdomo tu. Dunster alitakiwa ambebe mtoto wake mwenyewe mpaka mbele ya mchungaji, kila mtu akitazama, na mtoto asiyepelekwa huonekana hata baba yake asiposema neno. Kwamba baadaye, Julai 1654, alisimama ibadani akapinga ubatizo wa mtoto wa mwingine, hapo simtetei sana.

Alijiuzulu Oktoba 1654. Kisha akaomba asitolewe haraka katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, kwani baridi ilikuwa inaingia na mtoto wake mdogo alikuwa mgonjwa sana. Akaruhusiwa kukaa hadi Machi. Alihamia Scituate, akahubiri huko mpaka alipofariki mwaka 1659, na kwa ombi lake mwili wake ulirudishwa Cambridge, mji wa Massachusetts kilipo chuo, ukazikwa karibu nacho.

Ni mimi, baba yako.