Mdako kwenye kipindi cha Kuhesabu: niandike nini katika andalio la somo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la kwanza hapa Tanga, watoto 84. Juzi niliwatoa nje wacheze mdako kipindi cha Kuhesabu. Mwalimu mkuu akasema michezo ina kipindi chake, na andalio langu halionyeshi nilichofundisha. Kwani mtaala hauturuhusu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtaala unakuruhusu. Huu ulioboreshwa mwaka 2023, ambao darasa la kwanza walianza nao Januari 2024, unadai umahiri: mtoto aoneshe anachoweza kufanya, si kukariri tu. Kwa mtoto wa miaka sita, mchezo ni njia halali ya kufika huko. Ila kuhusu andalio, mkuu wako ana haki. Ukiandika "wanafunzi watacheza mdako", hata mthibiti ubora wa shule, yaani mkaguzi, atakuuliza: wakicheza, iweje?

Tuutazame mdako wenyewe. Shimoni mna kokoto 10. Mtoto anarusha jiwe juu, anakomba kokoto, analidaka. Tuseme amekomba 7. Hapo ndipo pa kumsimamisha: funika shimo kwa kiganja, muulize zimebaki ngapi. Akijibu 3 bila kuchungulia, ameshatoa 7 katika 10 kichwani. Akianza kuhesabu vidole, umejua alipo. Akikisia, umejua pia. Swali hilo moja ndilo linaloufanya mchezo kuwa somo. Bila hilo watoto wamefurahi, jambo jema, lakini Kuhesabu hakujafanyika.

Basi kwenye shughuli za ujifunzaji andika: "Kutaja idadi ya kokoto zilizobaki shimoni baada ya kukomba, kati ya 10." Kwenye upimaji: "Anataja idadi sahihi bila kuangalia." Zana: kokoto, au mbegu za ukwaju, ambazo Tanga hazinunuliwi.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni hao 84. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa ambamo watoto sita walicheza na waliobaki wakashangilia dakika 40 nzima. Wagawe wanne wanne, utapata makundi 21. Mmoja anarusha, mmoja anafunika shimo na kuuliza, wawili wanahakiki kwa kuhesabu kokoto, kisha wanabadilishana. Huwezi kuzungukia makundi yote siku moja, usijitese. Chagua matano, andika majina ya waliokwama, kesho anza na mengine.

Ukitamani kuwachezesha na bao, liache kwanza. Kete 64 na mashimo 32 ni mzigo kwa mtoto wa darasa la kwanza. Litakufaa mbele, wakifika kwenye kuzidisha: kete mbili mbili kila shimo, safu ya mashimo manane ina ngapi?

Andalio likishakaa hivyo, mwombe mwalimu mkuu aje achuchumae kwenye kundi moja, na yeye ndiye afunike shimo.