Kura ipi ihesabiwe? Majibu kwa wanaofuatilia kura za wabunge

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa tawi katika chama cha wafanyakazi. Muswada unaogusa haki ya wafanyakazi kujiunga na vyama umefika bungeni, na kamati yetu ya utendaji imenikabidhi kazi ya kuandika orodha ya wabunge wote pamoja na kura ya kila mmoja, ili wanachama waisome kabla ya uchaguzi. Wenzangu wengi wanataka safu moja tu, ya ndiyo au siyo katika kura ya mwisho. Ninahisi safu moja haitoshi, lakini sijui niongeze nini. Naomba mwongozo.

JIBU: Ndugu Katibu, hisia yako ni sahihi, na ningependa uitetee mbele ya kamati bila kuyumba. Wabunge hupigia kura hoja iliyo mbele yao kwa wakati ule, na muswada mmoja huzaa hoja nyingi kabla haujafika mwisho: kuurudisha kwenye kamati, kuahirisha mjadala, kuongeza kifungu, kuondoa kifungu, kufunga mjadala. Mbunge anayetaka kuuzamisha muswada bila kuonekana anaweza kuuzamisha katika hatua yoyote kati ya hizo, kisha akaunga mkono kile kilichobaki siku ya mwisho, wakati kura yake haibadilishi tena chochote.

Mfano ulio wazi ni wa Marekani mwaka 2007. Muswada uliotaka chama kitambuliwe pale ambapo wafanyakazi walio wengi mahali pa kazi wametia saini kadi za kukiunga mkono ulipita katika Baraza la Wawakilishi tarehe 1 Machi kwa kura 241 dhidi ya 185. Katika Seneti, muswada wenyewe haukupigiwa kura hata mara moja. Kilichopigiwa kura tarehe 26 Juni kilikuwa hoja ya kufunga mjadala juu ya iwapo muswada uanze kushughulikiwa, hoja ambayo kwa kanuni za Seneti ilihitaji kura 60. Ilipata 51 dhidi ya 48, na muswada ukafia hapo, ingawa waliotaka uendelee walikuwa wengi kuliko waliokataa. Chama ambacho kingesubiri kura ya mwisho kingebaki na ukurasa mtupu, na wale 48 wangeweza kuwaambia wapiga kura wao, bila kusema uongo, kwamba hawajawahi kuukataa muswada ule.

Zipo pia nyakati ambapo hata hoja ya namna hiyo haifiki. Muswada wa PRO Act, uliokusudiwa kuimarisha haki ya kuunda vyama nchini humo, ulipitishwa na Baraza la Wawakilishi tarehe 6 Februari 2020 kwa kura 224 dhidi ya 194, na tena tarehe 9 Machi 2021 kwa kura 225 dhidi ya 206, lakini Seneti haikuupigia kura mara zote mbili. Hapo mfuatiliaji makini huandika majina ya waliotia saini kuwa wadhamini wenza wa muswada, na huandika vilevile majina yanayokosekana. Mwaka 2021 vyama vya wafanyakazi viliwajua kwa majina maseneta wachache wa chama kilichouleta muswada ambao hawakuwa wametia saini, na shinikizo likaelekezwa kwao badala ya kutawanywa kwa maseneta wote mia.

Kwa hiyo orodha yako iwe na kila kura iliyorekodiwa ambayo iliweza kubadilisha hatima ya muswada, na kwa kila kura uandike tarehe, idadi, na hoja yenyewe kwa maneno ambayo mwanachama asiyejua kanuni za Bunge ataielewa. Tena usiishie kwenye ndiyo na siyo. Ndiyo kwa marekebisho yanayofuta kifungu cha ulinzi dhidi ya kufukuzwa kazi ni kura dhidi ya mfanyakazi, na msomaji wa haraka atadhani ni kinyume chake. AFL-CIO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Marekani, ambalo limekuwa likitunza rekodi za namna hii kwa miaka mingi, huonyesha kama kura ya mbunge ilikwenda sambamba na msimamo wa wafanyakazi au kinyume nao, na kura ya msingi hubaki pale pale kwa anayetaka kuihakiki. Nanyi fanyeni hivyo, lakini tangazeni msimamo wa chama kabla kura haijapigwa. Kumhukumu mbunge kwa kipimo kilichotungwa baada ya kura ni dhuluma, na wabunge wenye nia njema wataacha kuwasikiliza.

Jihadhari pia na asilimia. Zinapendeza kwenye bango, na mwisho wa mwaka utashawishika kuzitumia. Mbunge aliyekuwa nanyi katika kura tisa nyepesi na akawaacha katika ile moja iliyobeba muswada wote atatoka na asilimia 90, na mwanachama atamwona shujaa. Ukilazimika kutoa asilimia, iweke chini ya kura zenyewe, isizifunike.

Kuna jambo moja dogo ambalo limewahi kuwaaibisha wafuatiliaji wengi. Katika Seneti ya Marekani, hoja ya kuirudia kura huletwa na aliyekuwa upande ulioshinda. Ndiyo maana kiongozi wa walio wengi, akiona kura inaelekea kushindwa, hubadilisha yake kuwa siyo ili abaki na haki ya kuirudisha baadaye. Asiyejua kanuni hiyo humwandika mtetezi mkuu wa muswada kuwa adui yake. Kabla hujampa mtu jina la msaliti, isome kanuni ya kura ile.

SWALI: Mhariri, katika Bunge letu Spika huuliza wanaoafiki waseme ndiyo na wasioafiki waseme siyo, kisha hutangaza walioshinda. Hakuna jina linaloandikwa. Sisi wa chama tutafuatilia nini?

JIBU: Tatizo lenu ni la zamani kuliko vyama vya wafanyakazi vya leo. Bunge la Makabwela la Uingereza lilianza kuchapisha rasmi majina ya wabunge kwa kila upande wa kura mwaka 1836, na kabla ya hapo raia alitegemea magazeti na uvumi. Katiba ya Marekani inasema majina ya wanaosema ndiyo na siyo yaandikwe pale moja ya tano ya waliohudhuria wanapotaka hivyo, lakini kwa muda mrefu haki hiyo haikufika kwenye Kamati ya Bunge Zima, yaani Baraza la Wawakilishi linapokaa kama kamati, ambako marekebisho mengi huamuliwa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wawakilishi walipita mbele ya wahesabuji, idadi ikatangazwa, na majina yakapotea. Watetezi wa hoja mbalimbali walilazimika kuketi kwenye jukwaa la watazamaji na kujaribu kutambua sura za wapitao. Mageuzi ya sheria ya mwaka 1970 ndiyo yaliyofungua njia ya majina kuandikwa, na mwaka 1973 mashine za kielektroniki zikaanza kutumika.

Nayasema haya kwa sababu kanuni za mabunge mengi zinatoa nafasi kwa idadi fulani ya wabunge kudai kura ya majina, na idadi hiyo kwa kawaida si kubwa. Someni kanuni za Bunge lenu, mjue inahitajika idadi gani, na lazima wasimame wakati gani, maana dai likichelewa baada ya Spika kutangaza matokeo mara nyingi huwa limepotea. Kisha watafuteni wabunge wa idadi hiyo mapema, wiki kadhaa kabla, muwaombe wakubali kusimama. Kazi hii ya kimyakimya ina thamani kuliko maandamano ya siku ya kura, na nasikitika kuona vyama vingi vikiiacha. Mbunge aliyesimama kudai majina yaandikwe naye anastahili kuandikwa kwenye orodha yenu.

Dai likikataliwa, andikeni kwamba kura haikurekodiwa. Msikisie kwa kusikiliza sauti ya nani ilikuwa kubwa, wala msichukue mstari wa chama cha siasa mkamvisha kila mbunge wake. Hotuba zilizomo katika kumbukumbu rasmi za Bunge, yaani Hansadi, zinaweza kunukuliwa kwa tarehe, ila zikae katika safu yake, zisichanganywe na kura.

SWALI: Chama chetu kilimwandika mbunge mmoja kuwa alipinga muswada kwa sababu hakuwepo siku ya kura. Baadaye tukaambiwa alikuwa amelazwa. Je, tulimkosea?

JIBU: Ndiyo, mlimkosea, hata kama asingekuwa mgonjwa. Kutokuwepo ni kutokuwepo, na kuandike hivyo. Kuna anayekaa ukumbini akajizuia kupiga kura, kuna anayeondoka dakika kumi kabla, na kuna aliyekubaliana na mbunge wa upande wa pili wote wawili wasiwepo ili kura zao zifidiane, kama ilivyo desturi katika Bunge la Uingereza. Hao ni watu watatu tofauti.

Mnachoweza kueleza kwa haki ni athari. Pale ambapo kanuni inataka idadi maalumu, kama zile kura 60 za Seneti, aliyekosekana ana uzito sawa na aliyesema siyo, na wanachama wana haki ya kulijua hilo. Pale ambapo kinachotakiwa ni theluthi mbili ya waliopiga kura, hesabu hubadilika. Juni 1947, Seneti ya Marekani ilipobatilisha kura ya turufu, yaani ukataaji, ya Rais Harry Truman dhidi ya sheria ya Taft-Hartley iliyobana vyama vya wafanyakazi, kwa kura 68 dhidi ya 25, aliyekosekana alipunguza tu idadi ambayo theluthi hiyo ilihesabiwa kwayo. Maelezo haya yawekwe chini ya jedwali kwa sentensi moja au mbili.

Kwa mbunge wenu, toeni masahihisho mahali pale pale na kwa ukubwa ule ule wa kosa, kisha mwandikieni barua. Na toleo lijalo, kabla ya kulichapisha, mpelekeeni kila mbunge ukurasa wake mkimpa siku kumi na nne za kurekebisha kosa la ukweli au kueleza kwa nini alikosekana. Wengi hawatajibu. Watakaojibu, maelezo yao yawekwe kando ya kura zao bila kuhaririwa, yakiwa mafupi, na kura ibaki kama ilivyopigwa.