Raki iliyo mbali iwe na njia yake ya pembeni

Wiki iliyopita, usiku, ruta ya tawi letu la Mwanza, yaani kifaa kinachoiunganisha ofisi na mtandao wa nje, iligoma kuwaka baada ya kusasishwa programu, nami nikaifufua nikiwa nyumbani Tabata, Dar es Salaam, bila kumwamsha mlinzi wala kukata tiketi ya basi. Nasema hivi kwa fahari, kwa sababu kifaa kilichoniwezesha nilikipigania kwa muda mrefu mbele ya mkuu wa idara, ambaye aliniambia kikaoni, wenzangu wakisikia, kwamba natafuta vitu vya kuchezea. Maneno yale bado yananiuma.

Kifaa chenyewe ni seva ya konsoli, yaani kisanduku ambacho nyaya zake huchomekwa kwenye mlango wa konsoli, ule wa fundi kuandikia amri moja kwa moja, wa kila ruta na swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi) iliyo ndani ya raki, yaani kabati la vifaa vya mtandao. Mlango huo hauhitaji anwani ya IP, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao: hata mtandao ukifa kabisa, ruta huendelea kutoa maandishi yake hapo, mara nyingi kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Usiku ule niliyaona yakishuka mstari kwa mstari. Ruta ililitafuta faili la mfumo, ikalikosa, ikasimama kwenye alama ya rommon, yaani hali ya dharura ambapo ruta husubiri amri za fundi. Nikaielekeza kwenye faili la zamani lililobaki kwenye flashi, yaani hifadhi yake ya ndani, ikawaka.

Niliingia kupitia modemu ya 4G, yenye laini ya kampuni isiyo ile inayotupatia mkongo wa intaneti. Hiyo ndiyo njia ya pembeni, isiyopita kwenye mtandao wa kawaida, na hilo ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Tarehe 4 Oktoba 2021, amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao mkuu wa Facebook, na WhatsApp ikanyamaza dunia nzima kwa takribani saa 6. Njia yao ya pembeni nayo haikupitika, ikabidi wahandisi waende wenyewe kwenye vituo vya data. Ikiwa kampuni yenye uwezo ule ilikwama, wewe unayetegemea mkongo mmoja unajiamini kwa lipi?

Fahamu pia kwamba laini nyingi za simu hazipewi anwani ya umma, kwa hiyo huwezi kuifikia modemu ukitokea nje. Iamuru seva ya konsoli ifungue yenyewe VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, kuelekea makao makuu na kuishikilia muda wote.

Kuhusu umeme, nunua soketi za raki zinazozimwa na kuwashwa kwa mbali, na kila soketi uipe jina la kifaa chake kwenye mfumo, kwa maana anayezima kwa kubahatisha ataangusha swichi nzima. Swichi yenye pawa saplai mbili haizimiki kwa kukata soketi moja. Ni lazima ukate zote mbili, usubiri kidogo, ndipo uwashe. Seva ya konsoli na modemu usizichomeke kamwe kwenye soketi ambazo wewe mwenyewe unaweza kuzizima kwa mbali.

Vijana wenzangu, tuache kuona ushujaa katika kusafiri usiku kwenda kubonyeza swichi ya umeme. Dai kifaa hiki hata ukidharauliwa, na ukishakipata, kata mkongo kwa makusudi kila mwezi, kwa ruhusa na nje ya saa za kazi, uone kama unaingia. Bando nalo lilipiwe na ofisi kwa mkataba, lisitegemee salio la simu ya fundi.