Wimbo uliogoma kuisha

Mkuu, umeuliza: mtu akirudi kwenye bendi ya ujanani akiwa na miaka 50, anasikiliza muziki au anasikiliza ujana wake? Mimi nilirudi kwa Dire Straits, bendi ya roki ya Uingereza, nikiwa na 51, nikijua fika ni hilo la pili. Mpaka wimbo mmoja ukagoma kuisha.

Kaka yangu alikuwa na santuri ya Brothers in Arms, ya 1985. Tuliipiga hadi ikaota mikwaruzo. Why Worry ndio uliofunga upande wa kwanza, kwa hiyo gita likianza kufifia mmoja wetu alikuwa keshainuka kwenda kugeuza sahani. Basi juzijuzi niko jikoni naosha vyombo, simu iko dirishani inapiga albamu ileile. Wimbo ukafika pale unapoishia. Nikakung'uta povu mkononi, mwili wenyewe tu umekumbuka kugeuza. Gita likaendelea. Likaenda dakika tatu nzima, taratibu, bila neno, nami nimesimama maji yananichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Nikadhani wamechakachua. Kumbe santuri yetu ndiyo iliyokatwa! Upande mmoja ukijazwa dakika nyingi mifereji inayopitiwa na sindano hubanana na sauti hufifia, kwa hiyo nyimbo kadhaa zilifupishwa. CD na kanda za mwaka uleule zilibeba nyimbo kamili. Why Worry ya CD ni dakika 8 na nusu, ya santuri 5 na ushee. Sasa huo mkia ningeukumbukaje, wakati sikuwahi kuusikia? Hapo hoja ya "ni ujana tu" ikanifia mkononi.

Nikaanza kuzitafuta nilizokuwa naziruka. Telegraph Road ya 1982 ina dakika 14, na kaka alikuwa akiiita mahubiri. Ni habari ya mtu anayetua mzigo wake porini, wenzake wanamfuata, panakuwa mji, halafu kazi zinakauka. Barabara yenyewe ipo kweli, Michigan kule Marekani. Nikiwa na 16 nilikuwa nangojea solo ya mwisho tu. Safari hii nilikuwa na miezi minne tangu nipunguzwe kazini. Jamaa alipofika pale anaposema alipenda kwenda kazini ila wamepafunga, nilizima. Nikaimalizia kesho yake.

Si kwamba kila kitu kimepanda thamani. Kile kinanda cha mwanzo wa Walk of Life kilinichefua zamani na bado kinanichefua.

Kwa hiyo usianzie kwenye zile zilizotamba, hizo masikio yako yameshazikariri. Anzia ulizokuwa unaruka, na uvae hedifoni: Mark Knopfler, mwimbaji na mpiga gita wao, hupiga gita kwa vidole vitupu, na kwenye nyimbo za polepole utasikia kabisa nyama ya kidole ikiachia uzi. Kuwaona jukwaani pamoja sahau, walishavunja bendi 1995.

Kaka nilimtumia Why Worry ndefu usiku uleule. Akajibu kwa sauti, kakereka kweli: hiyo ni feki, mdogo wangu, umepigwa. Ameapa kuitafuta ile santuri stoo ili anionyeshe wimbo unapoishia.