Usimwimbie mjane "Nada Sōsō" siku yake ya kuzaliwa

Mkuu, simama hapo hapo. Mama mwenye nyumba wako huko Japani anatimiza miaka 50, ni mjane, mnampeleka karaoke, na wewe umemchagulia "Nada Sōsō" kwa kuwa eti "ni wimbo mtamu wa mapenzi". Habari za sauti yako nzito, maneno kwa herufi zetu, zawadi na nani alipie chumba, zisubiri. Futa kwanza huo wimbo.

"Nada Sōsō" ni maombolezo. Maneno aliyaandika Moriyama Ryōko akimlilia kaka yake aliyefariki bado kijana. Muziki ni wa Begin, kundi la Okinawa, na Natsukawa Rimi ndiye aliyeuingiza kila nyumba alipourekodi mwaka 2001. Unaanza na mtu anafungua albamu ya zamani ya picha na kunong'ona asante. Mpaka hapo unaweza kudanganyika. Halafu anaiomba nyota ya kwanza ya jioni, na anamtafuta mwenzake angani. Mkuu, nani anamtafuta mpenzi wake angani? Labda kama ni rubani.

Na usijipe moyo kwamba hawatagundua. Karaoke ya Kijapani maneno yanapita kwenye skrini, yanabadilika rangi silabi kwa silabi, chumba kizima kinasoma. Wewe utakuwa unatabasamu na kumnyooshea mkono mama wa watu, wao wanasoma jinsi mtu anavyomlilia marehemu. Wajapani hawatakuzomea. Watapiga makofi kwa adabu, na adabu hiyo inauma kuliko kuzomewa. Usiniulize nimejuaje.

Nawajua pia waliokupoteza: hawa wanaounganisha video za "nyimbo 20 za mapenzi za Kijapani zitakazokuliza", picha ya maua ya mcheri chini, tafsiri ya kiitikio peke yake. Kiitikio tu! Ubeti wa pili hawajawahi kuufungua. Wanapanga nyimbo kama mtu anayepanga dawa kwa rangi ya vidonge. Ukiwauliza kwenye maoni wanakujibu kwa moyo mwekundu. Hasira yangu nitakufa nayo.

Tatizo lenyewe lina sababu. Mtunzi wa Kijapani mara nyingi hataji kifo kwa jina. Anasema "kimi" au "anata", yaani wewe, na lugha yao haikulazimishi kueleza kama huyo ni mume, mama, rafiki au marehemu. Muziki nao unaweza kuwa mwororo, piano na fidla, hakuna kinachokustua. Msikilizaji wa nje anasikia utamu, mwenyeji anasikia msiba.

Mfano mbaya zaidi, maana najua utaukimbilia ukishaacha huo wa kwanza, ni "Hanataba o Kimi ni" wa Utada Hikaru, 2016. Jina linazungumzia shada la maua kwa ajili yako. Ulikuwa wimbo wa kufungulia tamthilia ya asubuhi ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, kwa hiyo kila mama wa nyumbani anaujua. Nani asingedhani ni wa siku ya kuzaliwa? Sasa soma mwanzo: mtu ambaye kwa kawaida hajipodoi, asubuhi ya leo amepakwa poda kidogo. Mgeni anaona bibi harusi. Mjapani anakumbuka kwamba marehemu hupodolewa kabla ya kuagwa. Utada aliuandika kwa ajili ya mama yake, Fuji Keiko, mwimbaji wa enka (nyimbo za Kijapani za mtindo wa zamani) aliyefariki mwaka 2013, na hilo shada lina rangi ya machozi. Mpelekee mjane shada hilo uone.

"Aitai" wa Sawada Chikako, 1990, nao ni mtego uleule. Anasema nataka kukuona, tuliahidiana kwenda baharini mwaka huu tena. Sababu ya kutokwenda ni kwamba mwanamume amekufa.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na siibadilishi hata mje kumi: kabla hujauchagua wimbo, mtafute "wewe" wa wimbo yuko wapi. Yuko hai? Ameondoka? Amezikwa? Soma beti zote mpaka mstari wa mwisho, hasa kile kipande kinachokuja kabla ya kiitikio cha mwisho, maana siri hufichwa pale. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika jina la wimbo, kisha "kashi" (maneno ya wimbo), kisha "romaji" (herufi za Kilatini), utapata maneno kwa herufi unazosoma. Pitisha kwenye tafsiri ya mashine ubeti kwa ubeti. Hata kama tafsiri ni mbovu, ukiona anga, nyota, picha za zamani, ndoto na "siku tutakapoonana tena" vimekutana kwenye wimbo mmoja, weka kipaza sauti chini.

Simaanishi wanawake wa umri huo hawataki nyimbo za huzuni. Wanazitaka sana, kwa sababu wimbo huohuo unambadilishia kiti. Chukua "Kosumosu" wa Yamaguchi Momoe, 1977, uliotungwa na Sada Masashi: binti anaolewa kesho, na mama ambaye siku hizi machozi yapo karibu anakohoa mara moja uani. Ukiwa na miaka 20 wewe ndiye binti. Ukifika 50 wewe ndiye unayekohoa. Au "Eki" wa Takeuchi Mariya: mwanamke anamwona stesheni mwanamume aliyeachana naye miaka miwili nyuma, anapanda behewa la jirani amtazame tu, hamsemeshi, kila mmoja anarudi kwa anayemsubiri. Mama wa miaka 50 akiuimba huo, nyamaza umsikilize. Ila abonyeze mwenyewe. Huzuni yake haichaguliwi na mpangaji.

Wewe mwimbie "Jinsei no Tobira", wa Takeuchi huyohuyo, 2007, alipokuwa ameshavuka 50. Una mistari ya Kiingereza inayohesabu umri kuanzia 20 mpaka 90, na 50 imepewa sifa yake, kwa hiyo hata ulimi wako utapumzika. Kuna mahali anajiuliza maua ya mcheri atayaona mara ngapi tena. Hapo mama anaweza kulia, lakini "wewe" wa wimbo huo yuko hai na wimbo unakiri kwamba maisha bado yana thamani. Ukitaka wa pili, chukua "Ito" wa Nakajima Miyuki, umo kwenye albamu ya 1992, watu wawili kama uzi wa wima na uzi wa mlalo. Ni wa taratibu na unaanza chini, unafaa koo lako. Lakini wahusika wake ni wawili waliokutana wakawa kitambaa, naye ni mjane, kwa hiyo uweke akiba.

Sauti. Kwenye kishikwambi cha kuchagulia nyimbo tafuta キー, yaani kimo cha wimbo, penye alama za ♯ (kupandisha) na ♭ (kushusha). Kila mbofyo ni nusu toni. Mwanamume mwenye sauti nzito akiimba oktava ya chini (noti zilezile kwa sauti nzito zaidi) bila kugusa kitu, beti zinazama kwenye kifua hazisikiki: pandisha 3 au 4. Kama unafika juu, imba oktava ya mwimbaji mwenyewe na ushushe 4 au 5. Pima kwa mstari wa juu kabisa wa kiitikio. Usipime kwa mwanzo, mwanzo kila mtu ni bingwa. Na nyimbo nyingi za miaka ya 1990 hupanda nusu toni au toni nzima kwenye kiitikio cha mwisho, jiachie nafasi.

Miaka hiyo ya 1990 naitaja kwa sababu kama amezaliwa 1975, nyimbo za ujana wake ni "Makenaide" wa Zard (1993), "Tomorrow" wa Okamoto Mayo na "Love Love Love" wa Dreams Come True (yote 1995). Lete mwaka wake wa kuzaliwa hapa, pamoja na wimbo mpya utakaouchagua. Na maneno yake yote, siyo kiitikio.